Mwaka mpya umeingia na sina hata hamu ya kushukuru, niandike malengo tena?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, nipo Mwanza, ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kila tarehe 31 Desemba nikitoka mkesha huwa naandika malengo kwenye dayari na kila mwaka yanakufa kabla ya Pasaka. Mwaka jana ndo ulinimaliza kabisa. Mama yangu alikuwa Sengerema akafariki mwezi wa nane, biashara yangu ya mitumba ikafa, Oktoba nikaingia kwenye mkopo wa riba kubwa, kausha damu, na mpaka sasa nadaiwa laki nne na themanini. Sasa tangu tarehe moja kila mtu ananiambia shukuru Mungu umeuona mwaka, nikisikia hivyo nakasirika halafu najisikia vibaya kwa nini nimekasirika. Dayari mpya nimenunua ila sijaandika kitu. Je niandike tena au niache tu? Na hiyo shukrani naitoa wapi wakati moyoni hamna kitu? Nimekutumia picha ya malengo ya mwaka jana uyaone, usinicheke.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mama. Naanza na hiyo kabla ya kitu kingine chochote maana kwenye meseji yako umemweka mama kwenye foleni moja na mitumba na mkopo, kama vile ni hasara mojawapo. Mwezi wa nane mpaka leo Januari tarehe tano ni juzi tu hapo. Kwa hiyo yote ntakayosema chini huko namwambia mtu aliyefiwa juzi, simwambii mvivu wala mtu asiye na imani, na wewe ukisoma usome hivyo hivyo.

Picha nimeiona. Sijakucheka, nimecheka namba saba tu, "kuwa mama asiyepiga kelele", kwa sababu na mimi niliwahi kuandika hiyo hiyo, na tarehe mbili Januari saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshapiga kelele mpaka jirani akapunguza redio yake asikie vizuri. Mengine nayaandika hapa ili tuongee kitu kimoja: kuomba zaidi, kupunguza kilo kumi na tano, kununua kiwanja, kukuza biashara, kusoma vitabu kumi na mbili, kuacha soda, kutopiga kelele, kusomea cheti cha uhasibu, kuweka akiba, kutokopa, kwenda Sengerema kwa mama kila mwezi, na la kumi na mbili "kuwa na furaha". La kumi na moja nimelisoma mara mbili. Ntalirudia.

Ila kwanza hasira, maana nadhani hiyo ndo imeikalia dayari yako. "Shukuru Mungu umeuona mwaka." Anayekuambia hivyo hana nia mbaya, ni salamu tu kama habari za siku nyingi, hajakaa chini akaipima. Lakini wewe ukisikia umeuona, sikio lako linamalizia lenyewe, mama hakuuona. Ndo panapochoma. Asiyefiwa anasikia pongezi, aliyefiwa anasikia watu wanahesabiwa nani kafika na nani kabaki njiani. Sasa hapo ukikasirika umekosea nini? Nina miaka kumi na saba nafanya hii kazi ya ushauri na kila Januari wanakuja watu wa aina yako, wanaona aibu kuwa na hasira kuliko hata wanavyoona aibu kudaiwa.

Ngoja nikupeleke mbali kidogo. Mume wangu ni mtu wa Makunduchi, kusini Unguja, na mwaka wa kwanza tumeoana alinipeleka kwao mwezi wa saba kwenye Mwaka Kogwa bila kunieleza chochote. Mi mtu wa bara, nikajua tunaenda kula pilau. Nafika uwanjani nakuta wanaume wa pande mbili za kijiji wameshika migomba wanachapana, na wanachapana kweli, ule mgomba ukikupata mgongoni unajua umepatwa, huku wanawake wamependeza kweli kweli wanazunguka wanaimba nyimbo ambazo nyingine siwezi kuziandika hapa kwa heshima ya wazazi wangu. Kuna kibanda cha makuti kinachomwa moto mtu yumo ndani anatoka mbio, na kuna kwenda kuoga baharini, ndo hilo kogwa lenyewe, kuoga mwaka. Huo ndo mwaka mpya wa zamani wa watu wa pwani, asili yake wanasema ni Nairuzi ya Waajemi. Mi nilikuwa nimesimama nyuma ya wifi yangu naogopa, nikamuuliza hivi hawa wana ugomvi gani? Akaniambia ndo wanaumalizia, mwenye kinyongo na mwenzie cha mwaka mzima anakimalizia hapa kwenye mgomba, jioni wanakula pamoja.

Nikawaza sisi huku tunavyofanya. Tarehe 31 usiku saa sita kasoro tunapiga magoti, saa sita na dakika moja tunarukaruka na kukumbatiana, mafataki yanalia, na vinyongo vyote tumevuka navyo ndani ya mkoba. Hakuna aliyetupa hata dakika kumi za migomba.

Kwa hiyo hiyo dayari mpya, kabla ya lengo lolote, chukua karatasi ya pembeni (ya pembeni, dayari tuiache safi) uandike kila kinachokukera kuhusu mwaka jana, na uandike kama unavyoongea ukiwa peke yako. Yule wa kausha damu na simu zake za saa kumi na moja alfajiri. Ndugu ambao msibani walikuwa wengi na siku ya arobaini wakawa watatu. Mitumba. Na kama una kinyongo na marehemu mwenyewe kwa sababu hakukuambia anaumwa kiasi gani, andika na hicho, si dhambi, Mungu alishakisikia kabla hujaandika. Ukimaliza choma, iwe ndo kibanda chako cha makuti. Usinitumie picha ya hiyo.

Sasa shukrani. Umeuliza unaitoa wapi, na swali ni zuri sana kwa sababu watu wengi huwa hawaulizi, wanajilazimisha tu. Kuna wanasaikolojia wawili Wamarekani, Robert Emmons na Michael McCullough, mwaka 2003 walichapisha utafiti ambao sisi kwenye hii kazi tunaurudiarudia sana. Waligawa watu makundi, kundi moja likawa linaandika mara moja kwa wiki vitu visivyozidi vitano vya kushukuru, lingine linaandika kero, lingine matukio ya kawaida tu, wiki kumi. Wale wa shukrani wakawa wanayaona maisha yao vizuri zaidi kuliko wa kero, wanaitazamia kwa matumaini wiki inayokuja, malalamiko ya mwili yamepungua na hata mazoezi wanafanya zaidi. Sasa watu wakisikia hii wanakimbilia kuandika kila siku nashukuru kwa uzima, nashukuru kwa afya, nashukuru kwa familia, siku ya nne mkono unaandika wenyewe akili iko kwenye bei ya sukari. Hiyo haisaidii kitu. Ni mara moja kwa wiki inatosha, na kiwe kitu kidogo chenye sura na jina, konda aliyesema mwache mtoto apande bure, mama lishe aliyekukopesha ugali tarehe 28, kitu ambacho ukikisema unamwona mtu.

Na wewe una mahali pa kuanzia ambapo Emmons hakuwa napo. Msiba wa mama ulikuwa na daftari la rambirambi, si ndio? Lazima lipo, kuna mjomba au baba mdogo alikaa mlangoni na kalamu ameandika nani katoa elfu mbili, nani kaleta kilo kumi za mchele, nani kaleta kuni. Wengi wetu lile daftari tunalifungua mara moja tu siku ya kuhesabu hela, halafu linawekwa kabatini mpaka panya wanalisoma. Litafute. Chagua jina moja tu. Ukiweza nenda, usipoweza piga simu, umwambie mama yangu alipofariki ulileta kuni, sikupata nafasi ya kukushukuru, asante. Usiseme zaidi ya hapo. Najua utalia, na huenda na yeye akalia, na atakusimulia kitu cha mama ambacho hukukijua. Mi nawaambia hivi watu waliofiwa kwa sababu shukrani ya namna hii haikutaki ujifanye hakikuuma kilichouma. Ipo humo humo ndani ya msiba.

Haya tuje kwenye malengo.

Jibu fupi ni ndio, andika. Miaka ya 80 huko Marekani mwanasaikolojia John Norcross na mwenzie waliwafuatilia watu 200 waliojiwekea maazimio ya mwaka mpya. Wiki moja baadaye 77 kati ya 100 walikuwa bado wanaendelea, miaka miwili baadaye 19 tu. Ukiishia hapo utasema si unaona, hamna maana. Ila 2002 alitoa kazi nyingine, safari hii akalinganisha walioweka azimio na watu waliokuwa na tatizo lile lile na hamu ile ile ya kubadilika ila hawakuweka azimio la mwaka mpya. Baada ya miezi sita, walioweka azimio 46 kati ya 100 walikuwa wamefika au wanaendelea. Wasioweka, 4. Wanne! Kwa hiyo wanaotamba mtandaoni eti mi siwekagi malengo mi naishi tu, waache waishi.

Tatizo lako wewe ni kwamba mwaka ni chombo kikubwa mno. Ukisema mwaka huu ntapunguza kilo kumi na tano, leo Januari tano hutakiwi kufanya chochote, una siku 360 mbele, kesho pia hutakiwi, ikifika Machi umeshachelewa na moyo umevunjika, basi unafunga dayari mpaka Desemba. Mi mwenyewe 2019 nililipia jimu ya mwaka mzima kwa sababu mwaka mzima ulikuwa na punguzo, nikaenda siku tisa. Siku tisa dada mtu mzima na vyeti vyangu ukutani. Ile hela mume wangu anaikumbusha mpaka leo kila tukipita pale barabarani, anapiga honi.

Hapa ndo nawarudia wale wazee wa pwani. Mwaka wao wa jua wa siku 365 walikuwa wanaugawa kwa makumi, siku kumi kumi, kila kumi moja wanaita mwongo, miongo 36 na siku tano za ziada. Mkulima alijua ikifika mwongo fulani apande, nahodha alijua mwongo gani kusi inaanza kuvuma na mwongo gani asithubutu kutia chombo baharini. Siku hizi neno hilo tumelikuza likawa miaka kumi, tunasema muongo mmoja uliopita, wenyewe walikuwa wanaongelea siku kumi tu. Mi nimeanza kuwapa watu hii kama miaka sita sasa na ndo kitu pekee ninachoweza kusema nimeona kinafanya kazi kwa watu wa kawaida wenye watoto na mshahara mmoja. Siku kumi unaziona mwisho wake. Ni ndefu kuliko wiki kwa hiyo ukiumwa siku mbili bado una nane, na ni fupi kiasi kwamba huwezi kusema ntaanza katikati.

Kwa hiyo lengo unaweka la mwongo mmoja. Moja. Wa kwako wa kwanza unaanza kesho tarehe 6 unaisha Alhamisi tarehe 15.

Na naomba katika huo mwongo wa kwanza usiguse kilo, kiwanja wala cheti. Unajua kabisa Januari ilivyo, mshahara wa Desemba umetoka mapema kwa ajili ya sikukuu, kama tarehe 20 hivi, wa Januari mpaka tarehe 25 au zaidi, hiyo ni siku 36 na mshahara ule ule, katikati kuna krismasi, sare, madaftari, michango ya shule, na kama mwenye nyumba ni wale wa miezi sita kwa mkupuo ndo basi tena. Wakenya wameupa jina kabisa, Njaanuari. Mtu anachukua mwezi mgumu kuliko yote kwenye mfuko ndo anaanza dayeti ya parachichi na samaki. Ukitaka kujua kwamba tarehe moja Januari haina uchawi, hata serikali yetu mwaka wake wa fedha unaanza Julai mosi, na Makunduchi nao wanaoga mwaka Julai. Cheti cha uhasibu tuonane Julai, na hapo kati uliza ada na muda wa masomo tu, kuuliza ni bure.

Lengo la kwanza ni hilo deni. Sikuulizi, nakuambia, kwa sababu mtu anayepigiwa simu alfajiri hawezi kuwa na furaha wala kuwa mama asiyepiga kelele, na nahisi nusu ya hizo namba kumi na mbili zinakaa juu ya hiyo moja. Kabla hujalipa hata shilingi nenda na mtu mzima mmoja, kaulize kwa maandishi unadaiwa kiasi gani leo, riba ni ngapi, na faini za kuchelewa zinaongezeka vipi. Ulizia na leseni, maana kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji wa namna hiyo anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu. Kama hana, mazungumzo yanabadilika sana, utashangaa jinsi sauti inavyoshuka. Omba riba isimame mkubaliane kiasi cha kudumu.

Halafu hesabu. Laki nne na themanini ukiitazama hivyo inakuangalia na macho mekundu. Ukiweka buku mbili kwa siku ni elfu ishirini kwa mwongo, ni miongo 24, siku 240, ukianza kesho na riba ikisimama mwanzoni mwa Septemba umemaliza. Januari hii kama buku mbili haitoki weka buku, utafidia mbele. Nunua kibubu cha kawaida kile cha mbao au cha udongo, najua kuna vya kwenye simu ila cha kwenye simu unakifungua kwa kidole gumba usiku wa manane, cha mbao mpaka utafute nyundo na watoto wanakuona. Mwisho wa kila mwongo unakipasua, ndio, ni gharama kidogo, au tafuta chenye kufuli na ufunguo akae nao mtu mwingine, unapeleka hela unachukua risiti. Risiti usiikose.

Angalia pia ulivyoliandika mwaka jana, "kutokopa". Sweden walifanya utafiti wa maazimio wa watu zaidi ya elfu moja, ukatoka 2020, wakakuta walioandika kitu cha kufanya walifanikiwa karibu 59 kati ya 100 na walioandika kitu cha kuacha au kukwepa ni 47. Kutokopa huwezi kukifanya saa kumi na mbili jioni. Kuweka buku mbili kwenye kibubu unaweza. Na uifunge na kitu ambacho tayari kipo: nikishafunga hesabu za droo dukani, kabla sijavua aproni, natoa buku mbili naitia kwenye bahasha. Kuna Mjerumani anaitwa Peter Gollwitzer ameshinda miaka mingi kwenye hili jambo moja tu la nikifika hapa nafanya hivi, na sababu yake ni nyepesi, ukishapanga saa na mahali huhitaji tena kujishauri, na kujishauri ndo kunakotuua.

Utakosa siku. Naomba nikuambie mapema ili usishangae. Kuna siku mtoto ataamka na homa, buku mbili itaenda duka la dawa, na kesho yake kile kisauti kitakuambia si unaona, umeshaharibu, acha tu. Pale London chuo cha UCL, Phillippa Lally na wenzake walifuatilia watu 96 wanaojenga tabia mpya, kwa wastani ilichukua siku 66 kitu kikawa cha kawaida, wengine 18, wengine makadirio yalifika 254, na kukosa siku moja moja hakukuharibu kitu cha maana. Siku 66 ni miongo sita na nusu. Kwa hiyo kwenye miongo miwili mitatu ya mwanzo utajisikia unajilazimisha, na ni kweli utakuwa unajilazimisha.

Kuhusu kuuangalia mwaka kwa matumaini, kidogo tu. Najua kanisani mmepewa neno la mwaka, wa kuinuliwa, wa milango kufunguka, mi pia nimepewa la kwangu na ninaliamini. Ila chunga kitu kimoja. Mwaka 1991 watafiti Gabriele Oettingen na Thomas Wadden waliandika kuhusu wanawake 25 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Wale waliotegemea kwamba watafanikiwa walipungua zaidi. Lakini wale waliokuwa wanajiona tu kwenye njozi, wameshapungua, wanatembea wanapendeza, hao walipungua kidogo kuliko wenzao, tofauti yake kama kilo kumi na moja. Ukishakula pilau kichwani njaa ya kupika inapungua. Kwa hiyo ukimaliza kuomba na kuona ule mlango umefunguka, kaa dakika mbili uulize na kinachoweza kuukwamisha ni nini, kwangu mimi, wiki hii. Kwako nadhani ni Ijumaa jioni. Sikujui lakini mitumba ikifa bado kuna marafiki wa mitumba, na Ijumaa wanapiga simu kuna robota jipya linafunguliwa, njoo uchague tu. Nimekosea?

Na hayo malengo usiyaweke stetasi. Mwambie mtu mmoja, yule atakayekaa na ufunguo wa kibubu inatosha. Hao hao wa Sweden walikuta walioshikwa mkono kidogo walifanya vizuri kuliko waliofuatiliwa sana, kwa hiyo hata huyo mmoja mwambie akuulize mara moja kwa mwongo, asigeuke kuwa kausha damu wa pili. Kama upo kwenye kikoba na mlivunja Desemba mkagawana, subiri kidogo kabla ya kujiunga na duru mpya, hisa na deni kwa mpigo mmoja vitakubana.

Kitu kimoja cha kitabibu halafu nirudi kwa mama. Umesema moyoni hamna kitu. Kwa mtu aliyefiwa miezi mitano hiyo naielewa, inakuja na kuondoka. Lakini kama haiondoki kabisa, usingizi umepotea au unalala mchana kutwa, chakula hakipandi, huwezi kumjali mtoto, au umeanza kuwaza ni bora na wewe usingekuwepo, hapo usisubiri mwongo uishe. Nenda hospitali, Bugando hapo kwenu wana wataalamu wa afya ya akili, sema ulivyosema kwangu hivi hivi. Watu wanaona aibu kwenda, wakati mguu ukivunjika hakuna anayeshauriwa akaandike malengo.

Sasa namba kumi na moja. Kwenda Sengerema kwa mama kila mwezi. Nimehesabu alama zako za tiki pembeni, Februari, Machi, Mei, Juni. Mara nne, na mwezi wa nane akafariki. Najua namba hii ndo imekufanya usifungue dayari mpya, maana ukiandika moja mpaka kumi lazima ukutane na kumi na moja. Usiifute. Kati ya malengo yote kumi na mawili hilo ndo ulilolifanya kuliko yote, mara nne, na miezi ile ya mwanzo ilikuwa bado ni foleni ya kivuko, unasubiri Kigongo jua linakuchoma mgongoni na mtoto. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025. Sasa hivi ni dakika chache upo Busisi.

Kwa hiyo mwongo wako wa pili, wa tarehe 16 mpaka 25, weka hilo tu, Jumapili moja ya kwenda Sengerema. Nauli itoe humo humo kwenye kibubu, deni litasubiri siku moja. Kaangalie kaburi limeota majani kiasi gani maana mvua zimenyesha, peleka jembe, mchukue na mtoto wako mkubwa akusaidie. Halafu ingia ndani umuulize mjomba lile daftari liko wapi. Ukirudi niandikie, sitaki kujua kibubu kimefika ngapi, niambie tu jina la kwanza ulilochagua lilikuwa la nani na alileta nini.